Ndia Kuu: Haiba ya Mombasa Chini ya Kivuli cha Nairobi

Mombasa ni miongoni mwa miji michache ambayo hadhi yake iliondoka kwa reli iliyoanzia mlangoni pake yenyewe. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapo mwaka 1896, ukafika mwaka 1899 kwenye uwanda wa kinamasi ambao Wamasai waliuita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na kambi ya wajenzi iliyopigwa huko ikakua kwa kasi hata mwaka 1905 makao makuu ya utawala wa Waingereza yakahamishwa kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda kwenye mji ambao haukuwa umetimiza hata miaka 10. Tangu hapo Mombasa hutajwa zaidi kwa bandari na fukwe, ingawa fukwe zenyewe zinazosifiwa, za Nyali na Diani, haziko kisiwani bali ng'ambo, na mgeni anaweza kustarehe huko wiki nzima pasipo kuuona mji ambao jina lake limeandikwa kwenye tiketi yake.

Kuhama kwa serikali hakukumaanisha kwamba Mombasa iligeuka mji wa kawaida wa koloni. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 ulibaki kisheria kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa niaba yake na kumlipa kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya ngome ya mji mpaka mwaka 1963. Mahakama za kadhi, zinazoamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na ambazo katiba ya Kenya inazitambua hadi leo, zina mizizi yao katika mpango huo.

Ngome hiyo, ambayo wenyeji huiita Ngomeni na ramani huiita Fort Jesus, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyeipa umbo la mwili wa mtu aliyelala chali, kwa kufuata fikra za wasanifu wa zama zake. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na katika miezi hiyo 33 maradhi na njaa viliua zaidi kuliko mizinga. Jahazi la vita la Santo António de Tanná, lililokuja kuwaokoa waliozingirwa, lilizama mwaka 1697 chini ya kuta zenyewe. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, matumizi duni kwa jengo la namna hiyo, lakini pengine ndiyo yaliyolinusuru lisibomolewe, kwa kuwa serikali haivunji jela inayoihitaji. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Hadhi nyingine iliyopotea haisemwi sana. Mwaka 1928 wawakilishi wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza walikutana ili kuamua lahaja ipi, yaani namna ipi ya kusema Kiswahili kati ya zile nyingi za pwani, iwe msingi wa Kiswahili sanifu cha shule na vitabu, nao wakachagua Kiunguja. Kilichoachwa ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambayo mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844, aliitegemea katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Mahali pa mkutano huo palikuwa Mombasa. Katika Kimvita njia ni ndia, njoo ni ndoo, macho ni mato, na sikio la mwenyeji hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka midomoni katika neno la pili, tofauti ambayo maandishi sanifu hayaionyeshi.

Lahaja hiyo haikuwa ya sokoni tu. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, wakati ukoo wa Wamazrui ulipoitawala Mombasa na kukataa kumtii Seyyid Said, mtawala wa Omani, aliutoa ushairi katika mawaidha ya dini na kuutia katika siasa, mapenzi, ufukara na kejeli za mtaani, akitumia shairi la beti za mishororo minne. Kizazi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo zake kutoka vinywani mwa wazee pamoja na Mwingereza W. E. Taylor; bila juhudi hiyo, sehemu kubwa ingepotea.

Mji wa Kale, mtaa wa zamani ulio ubavuni mwa ngome, unasomeka vizuri zaidi kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba kwa makusudi, ili kuta zitiliane kivuli na upepo wa bahari upite, na juu yake zimetokeza roshani za mbao zinazoonyesha mkono wa mafundi wenye asili ya Bara Hindi. Chini, mbele ya mlango wa kuchonga, huwa kuna baraza, benchi la mawe lililoshikamana na ukuta, ambapo wazee huketi alasiri wakinywa kahawa chungu ya dele na mgeni hupokewa pasipo kuingizwa ndani. Barabara kuu ya mtaa huu inaitwa Ndia Kuu, na hivyo ndivyo inavyoandikwa, kwa Kimvita.

Treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kutoka Nairobi mwaka 2017, haifiki huko; huishia Miritini, upande wa bara. Anayetaka kuiona Ndia Kuu anaweza kupanda matatu na kuvuka Makupa kuingia kisiwani, kisha achukue tuktuk mpaka Ngomeni, na ni vyema afike asubuhi na mapema, kabla mahamri na mbaazi za nazi hazijaisha.