Mbona Tor inakwenda pole pole, na sisi tunaingiaje hapo?



Kila uchaguzi unapokaribia nyumbani, simu zinaanza kulia. "We si uko Marekani unasomea kompyuta, hebu nieleze, hiyo Tor inafanyaje kazi? Na mbona inakwenda kama konokono?" Hilo swali la pili ndilo nataka tulizungumze. Wengi wanapakua programu, wanaijaribu dakika tano, ukurasa haufunguki haraka, wanaifuta na kusema haina maana. Maana inayo. Ila mwendo wake una sababu zake, na mojawapo ya sababu hizo inatuhusu sisi tuliokaa huku kwenye intaneti ya kasi.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua: kutuma mzigo kwa mkono wa msafiri. Tuseme mtu yuko Dodoma, anataka barua ifike mahali bila yeyote kujua imetoka kwake. Anaiweka ndani ya bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje ina jina la mtu wa Louisville. Wa Louisville akiifungua anakuta bahasha nyingine yenye jina la mtu wa Columbus. Wa Columbus akifungua anakuta jina la mtu wa Buffalo. Wa Buffalo akifungua ya mwisho ndipo anaona barua inakokwenda, anaifikisha. Sasa angalia: wa Louisville anajua nani kaituma lakini hajui inakwenda wapi. Wa Buffalo anajua inakokwenda lakini hajui imetoka kwa nani. Wa Columbus hajui chochote, yeye kapokea kapitisha. Ukimkamata mmoja wao na kumbana, hana cha kukupa.

Hiyo ndiyo Tor. Bahasha ni tabaka za maandishi ya siri, na wale watu watatu ni kompyuta za watu wa kujitolea. Jina limetokana na kitunguu, kwa ajili ya maganda yake. Wazo lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, kwa Paul Syverson na wenzake. Roger Dingledine na Nick Mathewson ndio walioshirikiana naye kuunda Tor yenyewe, ikaanza kufanya kazi Oktoba 2002. Msishangae jeshi kuitoa bure kwa watu wote. Mtandao wa siri unaotumiwa na wanajeshi peke yao haufichi kitu, kila anayeonekana humo anajulikana ni mwanajeshi. Kumbe siri inahitaji umati! Hilo mliweke akilini, nitalirudia.

Mwisho wa mwaka 2003 mtandao mzima ulikuwa na kompyuta kama dazeni moja tu, karibu zote Marekani, moja Ujerumani. Mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida, The Tor Project, kulea kazi hiyo. Vituo viliongezeka haraka, halafu kwa miaka mingi baada ya 2015 idadi imezunguka karibu na 7,000, inapanda inashuka. Watumiaji ni milioni mbili na zaidi kwa siku. Ukigawanya utaona mwenyewe: kituo kimoja kinabeba mamia ya watu. Kilichokua zaidi ni unene wa njia, maana kituo cha leo kinapitisha mzigo mkubwa kuliko cha mwaka 2008, na uwezo wa mtandao mzima sasa unahesabiwa kwa mamia ya gigabiti kwa sekunde.

Haya, mwendo. Sababu ya kwanza ni umbali, lakini umbali peke yake hauui. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Louisville kupitia Columbus hadi Buffalo ni kama kilomita 900 kwa barabara, kwa hiyo ni milisekunde nne au tano tu. Tatizo ni kwamba Tor haikuchagulii miji mitatu ya jirani. Inachagua kwa bahati nasibu ikipendelea vituo vyenye nguvu, na vingi vya namna hiyo viko Ujerumani, Uholanzi na Marekani. Barua inaweza kuvuka Atlantiki, ikarudi, ikavuka tena. Kila mvuko unakula zaidi ya milisekunde 30, na jibu lazima lirudi njia ile ile. Afrika ina vituo vichache mno, kwa hiyo mtu wa Kampala anayefungua gazeti la Kampala anakwenda Ulaya kwanza. Na hapo ni nafuu. Kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti ya Dar na Mombasa ilipanda kwenye setilaiti, na kupanda na kushuka kule, kwenda na kurudi, peke yake kulikula nusu sekunde.

Sababu ya pili ni foleni. Watu wachache wanaoshusha mafaili makubwa wanajaza njia, na anayetaka kusoma ukurasa mmoja anasubiri nyuma yao. Dingledine na Steven Murdoch waliliandika wazi mwaka 2009 katika ripoti ya kueleza kwa nini Tor ni pole pole.

Ya tatu ni ya kifundi zaidi, lakini hesabu yake ni rahisi. Kwa miaka mingi Tor iliruhusu vifurushi 1,000 tu viwe njiani kwa wakati mmoja, ndipo isubiri jibu kabla ya kutuma vingine. Kila kifurushi kinabeba chini kidogo ya baiti 500, jumla nusu megabaiti hivi. Kama safari ya kwenda na kurudi ni nusu sekunde, basi hata njia ikiwa pana kama bahari hupati zaidi ya megabaiti 1 kwa sekunde. Foleni ikifanya safari iwe sekunde mbili, unabaki na robo megabaiti. Mwaka 2022 toleo la 0.4.7 liliondoa kikomo hicho. Sasa programu yenyewe inapima foleni na kuongeza au kupunguza mzigo. Mwaka 2023 likaja toleo la 0.4.8, linaloweza kugawa mzigo kwenye njia mbili kwa pamoja na kutumia iliyo nyepesi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anailaumu Tor kwa alivyoiona chuoni mwaka 2010, mwambie aijaribu tena.

Kuna kisa cha Agosti 2013 ambacho wenzetu wa Buffalo watakipenda. Ndani ya wiki chache watumiaji waliruka kutoka karibu milioni 1 hadi zaidi ya milioni 5 kwa siku. Watu wakadhani dunia imeamka. Kumbe lilikuwa jeshi la kompyuta zilizoambukizwa virusi, wenye nazo hawana habari. Vituo vilikuwa vile vile, na kila mgeni anayebisha hodi lazima asalimiwe kwa hesabu nzito za siri, basi mashine zikahema. Kilichosaidia sana ni namna mpya ya kusalimiana, nyepesi kwa mashine, iliyokuwa imebuniwa na Ian Goldberg na wenzake wawili. Goldberg anafundisha Chuo Kikuu cha Waterloo, Ontario, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari ukishavuka mpaka kutoka Buffalo. Vituo vikapewa toleo linalotanguliza waliosalimia kwa namna hiyo mpya, na mtandao ukapumua. Watumiaji milioni nne wa ghafla bila kituo kipya hata kimoja ni mzigo tu.

Nilisema siri inahitaji umati. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Harvard alituma vitisho vya uongo vya bomu ili kuukwepa mtihani, akatumia Tor kupitia mtandao wa chuo. Tor haikuvunjwa. Chuo kiliangalia tu ni nani waliokuwa kwenye Tor kabla ya vitisho kufika, na waliokuwemo ni wachache. Yule alistahili kukamatwa, hakuna ubishi. Lakini mgeuze awe mwandishi wa habari kwenye mji mdogo wa kwetu, yeye peke yake mwenye Tor mji mzima. Njia zote za siri zikifanya kazi sawasawa, bado anaonekana kama mtu aliyevaa koti la baridi Tanga.

Nyumbani mambo haya si ya kubuni. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, baada ya kukataa kuwapa taarifa za watu walioandika kwa majina ya bandia, akashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mnafahamu JamiiForums ilivyokuwa ikifichua ufisadi. Siri ya maelfu ya watu ilikaa kifuani mwa mtu mmoja, na bahati nzuri kifua kilikuwa kigumu. VPN nayo ndivyo ilivyo: msafiri mmoja anakujua wewe na anajua unakokwenda, unaomba Mungu asibanwe. Kwenye Tor orodha hiyo haipo kwa mtu yeyote.

Uganda ilifunga mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi wa Februari 2016, na Januari 2021 ikazima intaneti nzima kwa siku kama tano. Tanzania ilibana mitandao Oktoba 2020, na watafiti wa OONI waliona dalili kwamba Tor yenyewe iliguswa siku ya kura. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka watumiaji wa VPN wajitambulishe kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usimtumie mdogo wako programu hizi bila kumwambia sheria ya huko ilivyo. Atakayegongewa mlango ni yeye. Na tusidanganyane: Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi wa Tanzania, Tor haikumsaidia mtu. Bomba likifungwa kabisa, hakuna ujanja wa kuchota. Tor inasaidia pale bomba linapovuja.

Sasa sisi. Rahisi kuliko yote ni Snowflake, kiongezo kidogo unachoweka kwenye kivinjari chako hapo bwenini. Laptopu ikiwa wazi, mtu aliyefungiwa anapitia kwako kufika kwenye lango la Tor, na kwa anayemfungia inaonekana kama mazungumzo ya video. Tovuti anazotembelea hazioni anwani yako hata kidogo, kwa sababu anatokea kwingine. Ilipowekwa kwenye kivinjari cha Tor mwaka 2021 ilikuwa jambo dogo. Iran ilipobana intaneti Septemba 2022, watu wengi mno walipita humo.

Ukitaka zaidi, endesha kituo cha katikati, yule wa Columbus kwenye mfano wetu. Kinachopendekezwa ni megabiti 16 kwa sekunde kwenda na 16 kurudi, mashine isizimwe ovyo. Unaweza kukodi seva ya bei nafuu, ila soma masharti ya kampuni kwanza.

Lakini KITUO CHA MWISHO, yule wa Buffalo, usikiweke bwenini wala kwenye nyumba unayopanga. Kila uchafu wa watu wengine utaonekana umetoka kwako. Electronic Frontier Foundation, EFF, wanaamini ni halali kwa sheria za Marekani, na mimi naamini wako sahihi. Ila uhalali hauzuii barua za malalamiko, wala hauzuii mtu kuja kukuhoji, na wewe una viza ya F-1 na mama anayekutegemea. Huko Moscow mwalimu wa hisabati, Dmitry Bogatov, alikamatwa Aprili 2017 kwa maneno ya mtu mwingine yaliyotokea kwenye kituo chake. Mashtaka yalifutwa Mei 2018. Mwaka mzima na zaidi umepotea. Hiyo kazi tuwaachie wenye wanasheria.

Na wenye wanasheria ni vyuo. EFF walianzisha mwaka 2023 kampeni ya kuhimiza vyuo vikuu viendeshe vituo vya Tor, na maktaba ilishawahi kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2015 Maktaba ya Kilton, mji wa Lebanon, New Hampshire, iliwasha kituo. Maafisa wa usalama wa taifa wakawatonya polisi wa mji, kikazimwa kwa muda. Wananchi wakajaa kikaoni Septemba, wengi wakakitetea, kikawashwa tena. Mji wenyewe hauna watu 20,000.

Kwa hiyo jumuiya ziende kwa mlango wa mbele. Msimfuate fundi wa kompyuta kwanza, mtafuteni profesa mmoja wa sayansi ya kompyuta na mkutubi mmoja wakubali kuwa wenyeji wa kituo, ndipo muombe kibali cha ofisi ya mtandao kwa maandishi. Muombe cha katikati, si cha mwisho. Mkiambiwa hapana, muulize ni kanuni gani inayozuia, maana mara nyingi hakuna aliyewahi kuulizwa.

Na kikishawashwa msishangae kukiona kimelala. Siku tatu za mwanzo mtandao unakipima tu, mzigo ni kidogo sana. Baadaye unapanda, kisha unashuka ghafla kinapoanza kupewa kazi ya mlangoni, kwa sababu watumiaji wanakaa na mlango mmoja kwa muda mrefu na bado hawajahamia kwako. Inachukua hadi siku 68 hivi kukomaa. Kikianza na semesta mwishoni mwa Agosti, kitakuwa kinabeba mzigo kamili mwanzoni mwa Novemba.