Shilingi 500 za mtoto wa Sapiwi

Shule ya msingi yenye wanafunzi 800, iwe Sapiwi wilayani Bariadi au Oysterbay jijini Dar es Salaam, hupigiwa hesabu ileile. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu huiita kapitesheni, imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia akaunti ya shule. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule nzima inapata 400,000, ambazo ni za karatasi za mitihani, ukarabati, mipira na chaki.

Kiwango hicho kina asili yake katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002. Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza chini ya Waraka Na. 5 wa 2015, ada na michango ya lazima vikafutwa, na watoto wakafurika madarasani. Lilikuwa jambo jema. Lakini kugawa sawasawa si kugawa kwa haki. Oysterbay, mzazi huziba pengo bila hata kuulizwa. Sapiwi, mzazi anangoja pamba iuzwe, na mwezi Januari shule zinapofunguliwa, pamba hiyo bado inapaliliwa, mara nyingi kwa mikono ya mwanafunzi mwenyewe. Mwenzake yuko nyuma ya ng'ombe. Akirudi darasani ameachwa mbali, na shule haina hata senti ya kumfundisha upya.

Chakula ndicho kinachoniudhi zaidi. Serikali hugharimia mlo wa wanafunzi wa bweni. Wa kutwa, anayetembea kilomita kadhaa na tumbo tupu, sufuria lake linategemea debe la mahindi la mzazi. Asiye na debe, mwanawe hutazama wenzake wakila makande.

Uingereza, tangu 2011, shule huongezewa fedha kwa kila mwanafunzi anayetoka familia maskini. Kwetu kilicho karibu na hilo ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF): kaya maskini hupewa ruzuku, na sehemu yake hutegemea mahudhurio ya mtoto shuleni. Fedha hiyo inakwenda nyumbani, na inasaidia sare na daftari. Shule inayompokea mtoto huyo haiongezewi chochote.

Orodha ya walengwa wa TASAF basi ipo tayari, hata kama kila mkutano wa kijiji huzua manung'uniko kuhusu nani ameachwa. Itumike kukokotoa nyongeza ya kapitesheni: shule yenye watoto wengi wa kaya hizo ipate zaidi. Majina yaishie kwenye hesabu. Mtoto asisimamishwe mstarini kuitwa wa TASAF. Nyongeza inunue mahindi na maharage, walipwe walimu wa masomo ya ziada, na makande wale wote.