Ukumbusho na Video ya Pande Zote: Kutazama Pamoja Likasi

Video ya pande zote hupigwa kwa kamera yenye lenzi mbili au zaidi, zinazoelekea pande mbalimbali kwa wakati mmoja. Baadaye kompyuta huziunga picha hizo kuwa mandhari moja ya nyuzi 360. Mtazamaji huvaa kifaa kinachofunika macho yote mawili, na kila anapogeuza kichwa huona kilicho mbele, nyuma, juu na chini, hata akahisi kwamba yumo mahali penyewe. Hata hivyo, kifaa hicho humtenga na wenzake walioketi naye chumba kimoja. Makala haya yanachunguza namna tajriba hiyo inavyoweza kushirikishwa wengine, kwa kuzingatia desturi ya picha za kuchora katika miji ya migodi ya Katanga, ukiwemo Likasi.

Tamaa ya kumzungushia mtazamaji picha si ngeni. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipata hataza ya panorama nchini Uingereza. Kongo nayo ilichorwa hivyo. Kwa ajili ya Maonyesho ya Ulimwengu ya Ghent ya mwaka 1913, Alfred Bastien na Paul Mathieu walichora turubai lenye urefu wa mita 115 hivi na kimo cha mita 14 hivi, likionyesha Matadi na reli yake. Watazamaji walisimama katikati, wengi kwa pamoja. Lakini picha hiyo ilikusudiwa kuwavutia Wabelgiji kwa koloni lao, na Wakongo waliochorwa humo hawakupewa nafasi ya kueleza lolote. Kutazama pamoja, basi, hakutoshi; sharti iulizwe pia ni nani anayesimulia.

Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, uko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Ulikua kwa shaba na kobalti, chini ya Union Minière du Haut-Katanga, kisha chini ya kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1960 na 1970, wafanyakazi na makarani wengi wa Katanga walinunua picha zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakazitundika sebuleni. Zilikuwapo za mamba muntu, yaani nguva; za “Colonie Belge”, zilizoonyesha mfungwa akichapwa viboko; na za inchi ya bankoko, yaani nchi ya mababu. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliozichunguza katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba wenyeji waliziainisha kwa dhana ya ukumbusho. Mgeni alipoiona picha ukutani, mazungumzo yalianza.

Umbo la neno hilo linastahili kuangaliwa. Ukumbusho hutokana na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha kilichozaliwa na kukumbuka. Mtu aweza kukumbuka akiwa peke yake; kukumbusha hudai anayekumbusha na anayekumbushwa. Ndiyo maana picha ya ukumbusho haikamiliki ikiwa imetundikwa tu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alithibitisha hayo. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, akamweleza Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Maelezo hayo, yaliyochapishwa kwa tafsiri mwaka 1996, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika stesheni ya reli ya Likasi. Kamera ikisimamishwa hapo leo itanasa kila upande wa mahali, lakini haitanasa upande wa wakati. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao, wakapiga kambi hapo wakingoja treni. Mtazamaji asiyeambiwa hayo ataona reli tupu. Na msimulizi mmoja hatoshi, kwa sababu aliyebaki na aliyeondoka hawana kumbukumbu moja.

Kutokana na hayo, mambo manne yanajitokeza. Kwanza, anachokiona aliyevaa kifaa kionyeshwe pia kwenye skrini ya televisheni au ukutani, ili wengine wamuulize na kumwelekeza. Pili, pasipo na kifaa, simu ya mkononi yaweza kupokezanwa, kila mmoja akiigeuza upande autakao. Tatu, sauti za wasimulizi zihifadhiwe katika Kiswahili chao, pamoja na bantu na bankoko wake, bila kusanifishwa. Nne, kwa kuwa kamera hii haina nyuma, kila apitaye hunaswa. Hivyo idhini iombwe kabla ya kupiga.

Teknolojia humfikisha mtazamaji kwenye stesheni. Ila yaliyotokea hapo hawezi kuyajua mpaka apate wa kumkumbusha, na neno la kazi hiyo wenyeji wa Katanga walikuwa nalo zamani.