Mafuta ya mimea: Hesabu mbili zilizogongana Delta ya Tana

NI mwendo mrefu kutoka Brussels, yaliko makao makuu ya Muungano wa Ulaya (EU), hadi kijiji cha Hewani kando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Hata hivyo, sheria iliyopitishwa na Muungano huo mwaka 2009 kuhusu mafuta ya magari iliwaweka wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma wa delta hii katikati ya hesabu mbili ambazo hazikuwahi kulingana.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya watunga sera. Sheria hiyo iliitaka kila nchi mwanachama ihakikishe kwamba ifikapo 2020, asilimia 10 ya nishati ya uchukuzi inatokana na vyanzo visivyokwisha. Njia iliyoonekana nyepesi ni mafuta ya mimea. Gari likiyachoma, kaboni inayotoka pamoja na moshi ni ile ile ambayo mmea uliifyonza ulipokuwa ukikua, na kwa hivyo huandikwa sufuri. Kwa waziri au mbunge hilo latosha: ana asilimia, ana mwaka, na ana jambo la kuwaonyesha wapigakura.

Mwenye kampuni huisoma sheria hiyo kwa jicho jingine. Kwake, asilimia 10 si moshi utakaopungua bali ni soko lililowekwa kwa amri. Huuliza ardhi iko wapi, kodi yake ni kiasi gani, na soko hilo litadumu hadi lini, kwani mibono, maarufu kama jatrofa, haizai vyema mpaka ipite miaka kadhaa. Ndiyo maana kampuni ya Bedford Biofuels ya Canada ilitafuta zaidi ya hekta 160,000 za ranchi katika Tana kwa mikataba ya miaka 45. Kampuni ya G4 Industries ya Uingereza nayo ilitaka kupanda mimea ya mbegu za mafuta. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2008, kampuni ya sukari ya Mumias pamoja na Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi (TARDA) zilikuwa na mpango wa shamba la miwa la takriban hekta 20,000, ili kupata sukari, ethanoli na umeme.

Mkataba wa miaka 45 ulisimama juu ya lengo la miaka 11. Watunga sera hubadili lengo kila ushahidi au siasa zinapobadilika, lakini mwekezaji hawezi kung'oa shamba kila bunge linapoketi. Mnamo 2015, EU iliweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula. Kufikia wakati huo, G4 ilikuwa imejiondoa tangu 2011, nayo Bedford ilikuwa imefunga shughuli zake mwaka 2013.

Jambo jingine la kuzingatia ni ardhi yenyewe. Tope la ardhioevu huhifadhi kaboni kwa karne nyingi, na likikaushwa ili lilimwe huiachilia hewani. Isitoshe, delta si pori tupu, ingawa huonekana hivyo kwenye ramani za ofisini. Mafuriko ya mto ndiyo hustawisha mpunga na migomba ya Wapokomo, na maji yakipungua hubaki nyasi zinazookoa mifugo wakati wa kiangazi.

Wenyeji walikwenda kortini. Mnamo Februari 2013, Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe kwa kuwashirikisha. Miezi michache awali, mwaka 2012, hekta 163,600 za delta zilikuwa zimeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Wafanyabiashara wanaonekana kupata funzo, japo la aina yao. Kampuni ya Eni ya Italia, iliyofungua kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta Makueni mwaka 2022, haikodishi maelfu ya hekta. Hununua mbarika kutoka kwa wakulima wadogo na kusafirisha mafuta hayo Italia. Kwa mtindo huo, lengo la Ulaya likibadilika tena, atakayebaki na mbarika shambani ni mkulima.