Kiwambo Kimoja kwa Bunduki Nyingi?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri zoezi la nyumbani: kila mmoja alete tangazo la biashara la Kiingereza, alitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha atetee kila neno alilolichagua. Wengi walileta matangazo ya sabuni na simu. Kijana mmoja akaja na tangazo kutoka Marekani la kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kupunguza mlio wa bunduki. Sifa kuu ya kifaa hicho ilikuwa kwamba kimoja hufaa silaha za vipenyo vingi, bastola kwa bunduki ndefu, hata mnunuzi asihitaji kingine. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa kijana alikuwa ameandika "kinyamazishi", na neno hilo lilinifuata hadi nyumbani kwangu Nyali.

Waandishi wetu wa riwaya za upelelezi wana neno lao la siku nyingi: kiwambo cha kuzuia sauti. Katika riwaya hizo, jasusi hufyatua bastola yenye kiwambo na aliyelala chumba cha pili hata hageuki. Ukweli hauko hivyo. Mlio wa bunduki hufikia desibeli 140 hadi kupindukia 160. Kiwambo kizuri hupunguza takriban desibeli 20 hadi 35. Kinachobaki aghalabu bado ni kelele kubwa. Isitoshe, kiwambo hushughulika na gesi moto inayofoka mdomoni mwa mtutu. Huipitisha katika vyumba vidogo vidogo ili ipoe na kupungua kasi kabla ya kutoka. Lakini risasi ya bunduki ndefu yaweza kwenda zaidi ya mita 800 kwa sekunde, ilhali sauti huenda mita 340 hivi. Kwa hiyo risasi hupasua hewa kwa kishindo chake yenyewe, nacho hakizuiliwi na kiwambo chochote.

Je, na hilo la kifaa kimoja kwa silaha nyingi? Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Tundu la kiwambo lazima liwe pana kiasi cha kupitisha risasi nene kuliko zote zitakazotumika. Likitobolewa kwa ajili ya risasi ya milimita 9, kisha ikapitishwa ya milimita 5.56, pembeni hubaki mwanya ambao gesi hupenya kabla ya kupoa, na mlio haupungui kama ambavyo ungepungua. Wala upana wa tundu hautoshi kuwa kipimo. Risasi yaweza kupita vizuri, kumbe ukuta wa kiwambo haukuundwa kuhimili shinikizo la bunduki ndefu, ambalo hulizidi mno la bastola. Kiwambo cha kuhimili yote huwa kizito na kirefu, nacho huielemea bastola ndogo. Basi mwenye busara haulizi kifaa kinafaa silaha ngapi. Huuliza ni ipi itakayotumika zaidi, na ni kubwa kiasi gani ile iliyo kubwa kuliko zote. Tangazo halikuyagusa maswali hayo.

Hapo ndipo neno kiwambo linaponipendeza. Latokana na kitenzi kuwamba, yaani kutandaza ngozi juu ya ngoma na kuivuta ikaze. Na ndani ya kifaa hicho mna vibamba vilivyokingama mfano wa viwambo. Ila msomaji ataikumbuka pia methali: kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Muuzaji naye amevuta.

Alianza kuvuta zamani. Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kifaa chake mwaka 1909, akakiuza kwa jina lenye maana ya kunyamazisha. Babaye, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ambayo Lugard aliitumia Mengo, Uganda, mwaka 1892. Kiswahili kiliita rashasha bombomu, kwa mlio wake. Ya baba tuliipa jina la kelele iliyosikika. Ya mwana ikapewa jina la kimya ambacho hakikuwapo.

Ajabu ni kwamba wanasheria waliteua maneno kwa uangalifu kuliko wafanyabiashara. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, haisemi kunyamazisha. Yataja kifaa kilichoundwa kupunguza mlio au mmweko wa silaha, na kukihesabu kuwa silaha yenyewe, ambayo hairuhusiwi kumilikiwa bila kibali. Wajerumani nao hukiita kwa jina lenye maana ya kufifisha sauti.

Sikatai kwamba kifaa hiki kina faida ya halali. Wawindaji wa Finland na Norway hukitumia kulinda masikio yao. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sisi wa Mombasa tuna hesabu yetu na sauti. Jirani yangu hapa ni Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Kengele hiyo iligongwa ili kuwatahadharisha watu hatari ilipokaribia. Ng'ambo ya pili, Likoni, usiku wa Agosti 1997 wavamizi waliposhambulia kituo cha polisi na kutwaa bunduki, hakuna aliyegonga kengele. Kwa raia asiye na silaha, mlio wa risasi ndio kengele iliyobaki, na anayemwahidi mteja kimya anauza pia usalama wa jirani.

Nilimrudishia kijana kazi yake nikamtaka aandike "kipunguza mlio". Akanijibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, kwa neno hilo nani atanunua?" Nikampa alama zote za swali hilo. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi matangazo wayatafsiri. Atakayejua neno lilipovutwa hatavutwa nalo.