Kasri la Vyumba 52 Lisilokuwa na Familia

Familia zetu za pwani zinapopanda bara wakati wa likizo, aghalabu huishia Nakuru kwa ajili ya ziwa na wanyama. Lakini mwendo mfupi kutoka mjini humo kuelekea Njoro, katika eneo la Ngata, humfikisha msafiri mbele ya jengo asilolitarajia: kasri la mawe la mtindo wa Kiingereza, lililosimama peke yake katikati ya mashamba.

Mwenyewe alikuwa Lord Maurice Egerton, mlowezi tajiri kutoka Uingereza. Alianza kulijenga mwaka 1938, kazi ikakatizwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na ikakamilika mwaka 1954. Lina vyumba 52, na ukumbi mkubwa wenye kinanda cha mabomba marefu. Katika vyumba vyote hivyo aliishi mtu mmoja na watumishi wake. Hakuoa, wala hakuacha mtoto.

Wenyeji husimulia kwamba aliposa mwanamke akakataliwa. Yasemekana mwanamke huyo aliitazama nyumba yake ya kwanza, akaifananisha na banda la kuku. Egerton akajenga kasri ili kumridhisha, lakini posa haikukubaliwa, na tangu hapo akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwake. Hayo ni masimulizi. Lililo yakini ni kwamba alifariki mwaka 1958, miaka minne tu baada ya ujenzi kukamilika, na cheo cha ukoo wake kikakoma naye.

Baada ya hapo kasri lilibaki bila wa kuliwashia taa, likachakaa kwa miaka mingi. Hatimaye Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho chimbuko lake ni shule ya kilimo aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1939, kililikarabati na kulifungua kwa wageni. Leo maharusi hupiga picha katika bustani zake. Pale alipokatazwa mwanamke kukaribia, sasa bibi harusi husimama na mama zake na shangazi zake, vigelegele vikipaa.

Wapo vijana wetu wanaopenda kupiga picha majengo yaliyohamwa. Si jambo baya, ila lina adabu zake. Ombeni ruhusa kwanza, kwani gofu nalo lina mwenyewe. Msiende peke yenu, wala msipande ngazi au dari iliyooza. Msiondoke na chochote, hata kigae kimoja. Kisha tulieni asubuhi au alasiri, jua linapoingia kwa ubavu madirishani. Hapo ndipo ufa, kutu na rangi inayobambuka huonekana vizuri.

Hata hivyo, picha ya ukuta peke yake haielezi ni nani aliyekuwa akiishi ndani. Ukilitazama kasri la Njoro, mawe yake bado ni imara. Kilichokosekana ni watu wa kulirithi.

Sisi huku pwani tuna msiba wa namna nyingine. Warithi tunao, tena wengi, lakini nyumba za mababu zetu Mombasa na Lamu huporomoka kwa sababu ndugu hawajakaa kitako kugawana mirathi. Kila mmoja humngoja mwenziwe atie chokaa, na mvua haimngoji yeyote.

Basi dada msomaji, wiki hii chukua simu yako uende nyumbani kwa bibi. Mkalishe barazani, mbele ya mlango wake wa nakshi, umpige picha. Muulize ni nani aliyejenga, nani alizaliwa chumba kipi, nani alitoka humo akiwa bibi harusi. Yaandike majina hayo na kuyahifadhi pamoja na picha. Kisha waite ndugu zako mzungumze juu ya paa na mirathi, angali yupo wa kuwapatanisha.