Unabonyeza Mat Moja, Steji Nzima Inageuka Njano? Shida Iko Hapa

Manze, aibu ya wiki jana siwezi takia hata adui. Kuna msee alikuwa anataka gemu ya mathree, na alisema demo ikimbamba anatoa deposit hapo hapo. Akabonyeza mat moja. Mat zote 20 za steji zikageuka njano. Akacheka, akasema "tutaongea", akaishia.

Nikarudi keja kutafuta shida. Rada ni hii, isikupate pia wewe. Natumia Unity na ile Input ya zamani.

Kwanza, ndai lazima ikuwe na kolaida, kama Box Collider. Bila hiyo ni kama mzimu: macho inaiona, lakini mstari wa hatua inayofuata unaipita tu.

Pili, skrini ni bapa lakini gemu iko na kina. So unatuma mstari usioonekana kutoka kwa kamera, ukipitia pale umebonyeza. Ndani ya Update, cheki Input.GetMouseButtonDown(0). Camera.main.ScreenPointToRay(Input.mousePosition) inakupea mstari, Physics.Raycast inakuambia umegonga nini. Kamera yako ikikosa tag ya MainCamera, Camera.main inarudisha null na Console inajaa nyekundu.

Tatu, skripti lazima ikumbuke. Weka variable moja, iite chaguo, na ingine ya kushika rangi yake ya mwanzo. Kabla upake ndai mpya, rudishia ile ya zamani rangi yake. Ukiruka hapa, kila kitu unaguza kinabaki kinang'aa. Na ukibonyeza mahali hakuna kitu, rudisha rangi, alafu chaguo ikuwe null.

Nne ni kupaka rangi, na hapo ndio nilichomeka. Renderer iko na sharedMaterial na material. sharedMaterial ni ya mbogi nzima. Mat zangu zote zilikuwa zinatumia moja, so kupaka moja ilikuwa kupaka zote. Mbaya zaidi, ukiwa kwa Editor hiyo rangi inabaki hata ukizima Play. Ukitumia material, Unity inatengenezea hiyo ndai nakala yake, zingine zinabaki vile zilikuwa. Lakini hiyo nakala ni mzigo wako: ndai ikitoka kwa gemu, ifute na Destroy, ama memori itazidi kujaa mos mos.

Ukiwa na menyu kwa skrini, kuna mtego mwingine. Unabonyeza batani, mstari unapita na kuchagua ndai iko nyuma yake. Uliza EventSystem.current.IsPointerOverGameObject() kwanza. Ikisema true, usitume mstari.

Mimi nilibadilisha neno moja tu, sharedMaterial ikawa material. Jana usiku nikamtumia huyo msee demo mpya. Tiki za bluu nimeona. Sasa ni kungoja.